Bahari ya Dirishani

Bahari ilikuwa hapo hapo dirishani tangu siku waliyofika, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameigusa. Kifungo alibandika paji la uso kwenye kioo akaacha doa la jasho. Mama yake akalifuta upesi kwa pindo la gauni.

"Usiguse kioo, baba. Shangazi yako hapendi."

"Sijagusa na mkono. Nimegusa na kichwa."

"Na kichwa pia."

Dada yake alikuwa amepiga magoti upande wa pili, pale pazia lilipoachwa wazi upana wa kiganja. Zaidi ya hapo hawakuruhusiwa. "Mama, wale watu wanaoingia majini kule, wanalipa?"

"Sidhani."

"Sasa kama hawalipi, sisi kwa nini hatuendi?"

Nyumbani walimwita Swali, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Mdogo wake aliitwa Kifungo kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha shati la mteja, na nyumba nzima ikakaa ikisubiri kitoke, mteja naye akija kuulizia kila asubuhi. Mama yao alikuwa fundi cherehani. Huko kwao alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la misumari, na watu walimjua kwa kupiga pindo: gauni likipita mikononi mwake linakaa mwilini kama limezaliwa hapo.

"Shangazi ana kazi," akamjibu binti yake. "Akipata nafasi tutakwenda."

Viatu vikasikika koridoni, vikija. Mama akainua kidole. "Samaki," akanong'ona.

Watoto wakaketi sakafuni, midomo imefungwa. Kifungo akavimbisha mashavu, maana yeye aliamini samaki hubana pumzi. Viatu vikapita, mlango wa jirani ukafunguliwa na kufungwa, naye akaachia pumzi kama tairi lililochomwa mwiba.

Mchezo huo wa samaki ulikuwa wa shangazi yao. Aliwafundisha siku ile ile ya kwanza, baada ya kuwapitisha ngazi za nyuma na mizigo yao mpaka ghorofa ya tano, akisema lifti haiaminiki. Jengo hili, alieleza, lina wakubwa watupu, hawapendi kelele za watoto, wakisikia hata kikohozi wanapeleka maneno. Kwa hiyo tusiongee kwa nguvu. Tusifungue mapazia. Tusikae kwenye kochi na nguo za safari. Mtu akigonga, hakuna mtu. Na kwa kuwa ufunguo ulikuwa mmoja tu, asubuhi akienda kazini alifunga mlango kwa nje na kuondoka nao.

"Kwa usalama wenu, wifi," alisema. "Mji huu una watu wa kila aina."

Mama alikubali. Yeye ni mgeni, na mgeni hapangi. Isitoshe, kwa miaka yote ile wifi yake ndiye aliyekuwa fahari ya familia. Picha zake zilizunguka kutoka simu moja hadi nyingine: amekaa kwenye kochi jeupe, nyuma yake dirisha, nyuma ya dirisha bahari. Baba watoto, ambaye ni mwashi, aliwaonyesha picha hizo hata watu waliokuja kumdai. "Huyu ni dada yangu," alisema, "hapo ni kwake." Na kila aliyeiona picha alimgeukia Swali na kucheka: paji lile lile, na ule mwanya wa meno ya mbele. "Huyu, mwanya kauchukua kwa shangazi yake, wala msibishe."

Lakini fundi ana ugonjwa wa macho, anaona vipimo hata asipotaka. Nyuma ya mlango wa bafuni kulikuwa na gauni la kuogea. Mama aliligusa bega moja tu akajua limekatwa kwa mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, na wifi yake alikuwa mfupi, mwembamba, wa kuingia kwenye nguo za mwanafunzi. Aliona misumari ukutani isiyo na picha. Aliona chumba kikubwa kilichofungwa, na kwamba wifi analala kwenye kichumba cha kando ya jiko, kwenye kitanda cha upana wa ubao wa kupigia pasi, "kwa sababu kuna hewa." Aliona, kisha akajikanya. Labda kanunua mtumba. Labda kweli kuna hewa.

*

Safari ya baharini ilipangwa Jumapili. Kifungo aliamka kabla ya wote akavaa kaptula yake ya kuogelea, ambayo mama alikuwa amemshonea kwa mabaki ya mwavuli. Shangazi alikuwa anafunga mikate kwenye karatasi simu ilipolia. Alipoiangalia, mgongo wake ulinyooka.

"Ndiyo, mama. Hapana, mama, sina shughuli. Nakuja sasa hivi."

Akaweka kisu chini.

"Ofisini?" mama akauliza.

"Ofisini. Kuna mzigo umefika."

"Shangazi," Swali akasema, "ofisini kwenu bosi mnamwita mama?"

Shangazi akacheka, kicheko kirefu kupita kiasi cha neno lenyewe, akaubana mwanya wake kwa ulimi. "Ni heshima tu, mama yangu. Huku mjini watu wana heshima." Akambusu utosini, akachukua ufunguo. Walisikia kufuli ikizungushwa mara mbili.

Kifungo alishinda siku nzima na ile kaptula. Alikula nayo, akalala nayo mchana, jioni akaingia nayo kwenye beseni la kufulia akakaa humo, maji yakiwa yamemfika kiunoni.

"Hii bahari yako ina sabuni," Swali alimwambia.

"Nyamaza. Samaki haongei."

Mama aliwatazama kutoka mlangoni. Nyumbani watoto hawa walikuwa wa kuitwa kwa kupigiwa makelele kutoka nyumba ya nne. Sasa walikuwa wanacheka bila sauti, mabega yakitikisika, mkono mdomoni, kama watu wazima msibani.

*

Jumatatu wifi alipoondoka, mama aliosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Alikunja nguo zilizokunjwa. Hakuna kitu kibaya kwa mtu wa kazi kama kufungiwa na mikono yake mwenyewe. Ndipo Kifungo alipokimbia kwa ncha za vidole kutoka jikoni, akakanyaga pazia, akaanguka kifudifudi. Ilikuwa mara ya pili. Akalia kwa mtindo wa pale, mdomo wazi, sauti hakuna.

Mama alimwinua, kisha akageuka kulitazama lile pazia kama mtu anayemtazama jirani mgomvi. Kitambaa kilikuwa cha maana: kizito, rangi ya majivu, na bitana nyuma. Lakini urefu! Kilishuka mpaka sakafuni kisha kikazidi, kikajikusanya chini marundo marundo. Madirisha yote mawili. Hapa kuna fundi alipima kwa macho, akafikiri, akachukua pesa ya mwanamke asiye na mume wa kumtetea, akakimbia.

Akafurahi, ukweli ni huo. Tangu wafike alikuwa anakula mkate wa wifi yake na kunywa chai yake bila kuwa na cha kurudisha. Sasa Mungu alikuwa amemwonyesha. Alitoa kwenye begi mfuko wake wa kazi, ambao haachi nyuma hata akienda kuhani msiba, akatoa futi, kipande cha sabuni cha kuwekea alama, na mkasi wake. Mkasi ule ulikuwa wa chuma kizito, vishikio vimezungushiwa kitambaa kilichokuwa kimeshika umbo la kidole gumba chake.

"Mama, Shangazi amesema tusiguse," Swali akasema.

"Amesema kioo, kochi na friji. Pazia hakusema."

"Umemuuliza?"

"Zawadi mtu haulizwi. Nishikie hapa."

Walifanya kazi kutwa. Alipima, akaweka alama, akakata mstari ulionyooka bila kusita hata mahali pamoja, akapiga pindo kwa mkono, mshono wa kujificha ambao mtu anaweza kuutafuta kwa miwani asiuone. Mabaki hakuyatupa. Aliyakata akashona foronya za mito ya kochi; sasa wanangu watakaa bila kuchafua, akajisemea. Jioni ilipofika mapazia yalikuwa yanaishia pale pazia la mtu mwenye akili linapoishia, kidole kimoja juu ya sakafu.

*

Shangazi alipoingia na kifuko cha nyanya, Kifungo alimrukia. "Funga macho! Shangazi, funga macho!"

"Kuna nini tena jamani?" Alicheka, mwanya wote nje, akakubali kuongozwa kwa mkono mpaka katikati ya sebule.

"Fungua!"

Alifungua. Tabasamu likabaki usoni mwake kwa muda, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba mwenyeji wake hayupo.

"Wifi," akasema taratibu. "Haya mapazia yamepanda?"

"Nimeyapunguza. Yalikuwa yanafagia sakafu, mtoto kaanguka mara mbili. Ni nani huyo aliyekushonea? Alikuibia. Na mabaki tazama, foronya hizi, nimekupigia na zipu ya—"

"Umekata?"

"Nimekata, ndiyo. Kitambaa kizito hivi ukikikunja tu kinavimba kwenye pindo."

"Umekata na mkasi?"

"Wifi, kwani watu wanakata na nini?"

Shangazi akaketi. Hakuketi kwenye kochi. Alishuka palepale sakafuni na kifuko chake cha nyanya, na hapo ndipo mama alipong'amua kwamba siku zote hizi hajamwona hata mara moja akikaa kwenye kochi lile la picha.

"Yalitakiwa yalale chini," shangazi akasema.

"Yalale?"

"Ndiyo mtindo wao. Kitambaa kinashuka, halafu kinalala sakafuni. Kila asubuhi mimi nayapanga mikunjo kwa mkono, mmoja mmoja."

"Kilale chini kifanye nini?"

"Kilale tu, wifi. Wenyewe wanapenda."

"Wenyewe akina nani? Wewe si ndiye..."

 Gauni la bafuni, misumari, kitanda cha upana wa ubao, vyote vikaja vikajipanga mbele ya mama, navyo vilikuwa vimeshapangwa siku nyingi, vilikuwa vinangoja tu aache kuviruka.

"Swali, mpeleke mwenzako akanawe."

"Tumeshanawa."

"Kanaweni tena."

Watoto walipotoka, shangazi alisema bila kuinua uso. "Mimi hapa ni dada wa kazi. Bosi amesafiri na biashara zake, anarudi mwisho wa wiki. Wakati hayupo nashinda kwa dada yake, nawafulia na kuwapikia. Niliona kuna nafasi ya nyinyi kuja, mwone, mrudi. Hakuna ambaye angejua."

"Na zile picha?"

"Kochi nilikalia mara moja. Nikapiga, nikasimama, nikalikung'uta."

"Lakini wifi, kazi ni kazi. Mimi si nakaa kibarazani kwa watu? Ungetuambia tu."

"Niwaambie nini? Kaka yangu akipiga simu neno la kwanza ni 'dada, umetutoa kimasomaso.' Mama anapiga simu anasema ameniombea nyumba na Mungu amejibu. Mlifurahi. Nikawa kila nikitaka kusema naona nawanyang'anya kitu." Akavuta pumzi. "Nilifikiria kila kitu, unajua? Kelele, ngazi, mlinzi wa getini, jirani. Nilisema mtoto akivunja glasi nitanunua nyingine. Sikufikiria kwamba kuna mgeni atakata pazia."

Likawatoka wote wawili, kicheko, bila kutaka. Walicheka wameziba midomo, wakishikana mikono pale sakafuni, nyanya zikibingirika, na mama hakujua ni wakati gani mwenzake alikuwa ameacha kucheka na kuanza kulia.

"Akinifukuza, wifi, ninapofanya kazi ndipo ninapolala. Sina pengine. Na mama yetu anakula kwa mshahara huu huu."

Mama aliinuka akaenda dirishani. Alishika pindo lake zuri, akaligeuza, akalitazama kama adui. "Nitayaunga," akasema. "Zile foronya nitazifumua, kila kipande kirudi kilipotoka. Umesema yanalala chini? Basi mshono utaangukia pale kwenye mikunjo. Ataona marundo, hataona mshono. Nipe kesho nzima tu."

Shangazi alimtazama kwa macho ya mtu aliyerushiwa kamba.

*

Asubuhi shangazi alimpigia simu dada wa bosi kusema ana homa. Mlango kwa mara ya kwanza haukufungwa kwa nje, lakini hakuna aliyewaza kutoka. Yeye alitunga nyuzi kwenye sindano, mama akafumua na kuunga. Swali aliokota vipande na kuvipanga kwa mfuatano, wala hakuuliza kitu. Alikuwa amesikia yote jana bafuni, bomba likiwa limefungwa.

Dirisha la kwanza lilikamilika kabla ya chakula cha mchana. Shangazi aliyapanga mikunjo kwa mikono yake iliyozoea, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Hakuna kitu kilichoonekana.

"Wifi," alisema, "wewe ni mchawi."

"Mchawi wa nini? Niletee la pili."

Alikuwa amepiga magoti katikati ya vipande vya la pili ufunguo ulipoingia kwenye kitasa.

"Samaki," Kifungo akasema.

Mlango ukafunguka. Sanduku la magurudumu likatangulia, nyuma yake akaingia mwanamke mrefu, amechoka, viatu mkononi. Mama alimjua kabla hajatamka neno. Yalikuwa ni yale mabega ya gauni la bafuni.

Bosi hakupiga kelele. Alitazama sakafu, watoto, dirisha lenye pazia na dirisha lisilo na kitu. Kisha akamtazama dada wake wa kazi. "Kuna nini humu?"

"Karibu, mama. Pole na safari." Shangazi akainuka, akalipokea sanduku. 

"Shikamoo, mama," mama Swali akasema akiinuka. "Mimi ni fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa mapazia. Dada aliniita kushona mahali palipochanika kidogo. Mimi nikaona ni marefu, nikayapunguza bila kuuliza. Yeye alikuwa jikoni. Alipoona ndiyo akanilazimisha niyarudishe."

"Na hawa?"

"Wanangu. Sina pa kuwaacha."

Bosi aliokota kipande kimoja, akakipindua, akamgeukia shangazi. "Na wewe umekaa unamtungia uzi? Mtu anakuja ndani kwangu anakata vitu vyangu, huna la kumwambia?"

Shangazi akageuka. Walitazamana kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho.

"Wewe fundi," akaanza, na sauti ikatoka kali kuliko alivyotarajia mwenyewe, machozi yakimtoka. "Wewe fundi, una akili kweli? Nani kakutuma? Unaingia kwa watu unapitisha mkasi tu! Mtu anahangaika na kitu chake miaka, anakipanga kila siku asubuhi, anakilinda, halafu wewe siku moja, siku moja tu, unakuja unakikata! Ungeuliza! Huna mdomo?"

Mama aliinamisha kichwa. Alijua mwisho wa maneno yale haukuhusu mapazia. "Nisamehe, dada," akasema, na yeye pia hakuwa anajibu kuhusu mapazia.

Kifungo hakuwahi kumsikia shangazi yake akifoka. Alifanya kile anachofanya nyumbani watu wakigombana: alimkimbilia aliyekuwa analia. Akakumbatia mguu wa shangazi na kuficha uso kwenye sketi yake.



"Mbona huyu mtoto anakushika hivyo?" bosi akauliza. "Mnajuana nyinyi?"

 Mkono wa shangazi ulikuwa umeshashuka wenyewe kwenye kichwa cha mtoto, akauondoa, ukakaa hewani. Bosi akamwacha, akamgeukia Swali.

"Wewe binti. Njoo. Huyu dada ni nani yako?"

Tangu wafike mjini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Swali kitu. Alimtazama mama yake. Mama alitaka kusema, alitaka kusema lolote, hata ukweli, ilimradi usitoke kwa mtoto, lakini binti alikuwa ameshapeleka kiganja mdomoni, akaufunika mwanya wake.

"Simjui," akasema nyuma ya mkono. "Alitufungulia mlango tu." Kisha, kwa sauti ya kuchoshwa na mdogo wake, akaongeza, "Huyu anakumbatia kila mtu. Hata watu wa basi."

Bosi akapumua. Alikuwa ametoka mbali, na miguu ilikuwa inamuuma. "Sawa," akasema. "Lete huo mkasi."

"Mama?"

"Mkasi. Unabaki hapa mpaka uniletee kitambaa kama hiki, rangi hii hii. Siku ukileta utauchukua."

Mama alitazama lile umbo la kidole gumba chake kwenye kitambaa cha kishikio. Akampa. Bosi aliuweka juu ya friji, bila chuki, kama mtu anavyoweka kitu cha mtu mwingine, na kumwambia dada wa kazi amwandalie maji ya kuoga.

"Sasa hivi, mama," shangazi akajibu.

Akaibandua mikono ya Kifungo kwenye sketi yake, kidole kimoja kimoja.

*

Nyuma ya jengo kulikuwa na mapipa ya taka, na mlinzi aliyelala nusu kwenye kiti cha plastiki. Walisubiri hapo, maana nguo zao zote zilikuwa juu, chini ya kile kitanda chembamba. Baada ya muda shangazi alishuka ngazi na mfuko mweusi wa taka begani. Aliutua karibu na mama, akainama kana kwamba anaufunga vizuri.

"Ni nguo zenu. Begi nimeshindwa, lingeonekana."

"Umesalimika?"

"Amesema atafikiria. Lakini ameoga, na ameniuliza kuna chai. Akiulizia chai, amenisamehe." Alikuwa ananong'ona bila kusogeza midomo, jicho moja kwa mlinzi. "Mkasi wako, wifi..."

"Achana na mkasi."

"Nitauiba."

"Usije ukathubutu."

Shangazi alimgeukia Swali, akatamani kumshika, hakumshika. "Umesema vizuri, mama yangu," akasema. "Umeniokoa. Umesikia?"

Swali alitazama mapipa. Nyumbani mtoto huyu alikuwa amechapwa mara nyingi, na karibu zote ni kwa kosa moja, la kusema ukweli mbele ya wageni. Sasa alikuwa anasifiwa na watu wawili wazima, mmoja kwa maneno na mmoja kwa kunyamaza, na hakuonekana kujua auweke wapi uso wake.

"Mwambie kaka..." shangazi akaanza.

"Nitamwambia tumekaa vizuri," mama akasema. "Na kochi ni laini."

Kutoka juu dirisha likafunguliwa. Shangazi akachukua pipa tupu la karibu, akaligonga gonga kama mtu aliyeshuka kwa kazi hiyo, akapanda ngazi haraka bila kugeuka.

*

Basi la kurudi lilikuwa la jioni. Walivuka barabara tatu, mama amebeba mfuko wa taka kichwani, watu wakimpisha kwa sababu zisizo za heshima, na mwisho wa barabara ya tatu lami ikaisha na mchanga ukaanza. Bahari ilikuwa kubwa kuliko dirisha. Ilikuwa na harufu, na ilikuwa na makelele, kitu ambacho kule juu nyuma ya kioo hawakuwa wamekijua.

Mama alifungua mfuko, akachakura mpaka akaipata ile kaptula ya mwavuli. Kifungo aliivaa. Akaenda mpaka pale maji yanapoishia, yakaja yakamfunika miguu, yakarudi. Mwili wote ukatetemeka kwa furaha. Akavimbisha mashavu, akabana pumzi, akaruka ruka bila sauti, mikono ikipepea.

Pembeni yao watoto wa watu walikuwa wanapiga mayowe kila wimbi likija. Swali alisimama kwenye mchanga mkavu na viatu vyake, midomo ameikutanisha. Mama alimsubiri aulize. Kuna mambo mengi ya kuuliza mbele ya bahari: inaanzia wapi, nani kaweka chumvi, usiku inalala au hailali. Alisubiri. Binti alikuwa anaangalia nyuma, juu, akihesabu ghorofa kwa macho, mpaka akaipata ile yenye pazia upande mmoja tu.

"Swali. Mama. Ingia majini basi."

Swali akatikisa kichwa.

Mama alivua viatu vyake, akaingia yeye, gauni likalowa mpaka magotini. Akamfikia Kifungo na kumtikisa bega. "Piga kelele, baba. Hapa ruksa. Si unaona wenzako?"

Kifungo aliachia pumzi. Aliwatazama wale wenzake, akatazama maji, akatazama huku na huku kama anatafuta mlango. Kisha akamvuta mama yake ainame, akamsogelea sikioni.

"Mwenyewe akirudi je?"

"Hii haina mwenyewe," mama akamjibu.

Wimbi likaja likapita katikati yao. Ndipo mama alipogundua kwamba na yeye alikuwa amenong'ona.